Mchungaji Akiugua Saratani: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa na Jumuiya

Katika Kutoka sura ya 17, Musa alipochoka kuinua mikono yake vitani, Haruni na Huri hawakuanza na mikono. Walitafuta jiwe, wakaliweka chini yake, akakaa. Ndipo wakamshika mikono, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likachwa. Habari hiyo naijua tangu shule ya Jumapili, lakini jiwe lile sikuwahi kuliona mpaka mchungaji wetu alipoambiwa ana saratani, na sisi wazee wa kanisa tukaanza kumshika mikono akiwa bado amesimama.

Nilikuwa katibu wa kamati iliyomhudumia, katika usharika wa Kilutheri nje kidogo ya mji wa Iringa. Matibabu yalichukua zaidi ya mwaka, sehemu kubwa yakiwa Dar es Salaam, karibu kilomita 500 kutoka nyumbani. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyafanya vizuri pamoja na yale tuliyojifunza baada ya kukosea. Aina ya saratani aliyougua sitaitaja. Alituomba tusiitaje, na ombi hilo bado linatufunga.

1. Muulizeni kwanza: nani aambiwe, na aambiwe nini

Habari ya ugonjwa haikai ndani. Daktari anasema Jumatano, Alhamisi mtu amemwona mama mchungaji akilia kituo cha basi, na ikifika Jumapili usharika una maneno kumi tofauti. Hapo wazee hutamani kutangaza upesi ili kuzima uvumi. Subirini siku mbili.

Waende nyumbani kwake wazee wawili, wasiwe kumi. Wamkute pamoja na mkewe, wakae, wasikilize, kisha waulize mambo haya: Je, watoto wote wameshaambiwa, hata walio mbali? Je, mkuu wa jimbo na ofisi ya dayosisi wana habari? Usharika uambiwe nini, kwa maneno gani? Nani asome tangazo, yeye mwenyewe au mzee wa kanisa? Majibu yaandikwe palepale na kusomwa mbele yake.

Watakuwepo watakaosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, hivyo mchungaji aeleze kila kitu madhabahuni. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inamhusu anayemficha daktari. Mgonjwa aliyekwisha kumwambia daktari wake hajaficha maradhi, hata kama mwimba kwaya wa mstari wa nyuma hajui uvimbe uko wapi.

Tangazo letu lilikuwa na sentensi tano: mchungaji amegundulika kuwa na saratani na ameanza matibabu, kwa sasa atapumzika huduma, anaomba maombi yenu na anawashukuru, mwenye swali au msaada amwone mzee fulani, simu ya mchungaji iachwe ipumzike. Tulilisoma mara moja, na kila tulipoulizwa zaidi tulirudia sentensi zilezile.

Jambo moja lilitupita. Hatukusema lolote kuhusu picha. Wiki ya kwanza mtu alimpiga picha akiwa kitandani na dripu mkononi, akaiweka kwenye grupu la WhatsApp la kwaya kwa nia njema kabisa, aombewe. Ilizunguka mpaka ikamfikia mwanawe aliyekuwa chuoni, kabla baba hajapata nafasi ya kuongea naye. Kijana yule alijua baba yake ana saratani kwa kuona picha. Kwa hiyo siku ileile ya tangazo, semeni wazi kwamba picha za mgonjwa hazipigwi na hazisambazwi, na viongozi wa magrupu wapewe kazi ya kusimamia hilo.

2. Undeni kamati ya watu watano tu

Kamati ya watu ishirini itakaa vikao. Watano wanatosha, kila mmoja na kazi yake: wa matibabu na safari, wa fedha, wa nyumbani, wa ratiba za ibada, na wa simu. Wa nyumbani atoke Umoja wa Wanawake na awe mtu ambaye mama mchungaji mwenyewe amemchagua. Wa matibabu, ikiwezekana, awe muuguzi au tabibu aliye mshirika wenu.

Huyu wa matibabu abebe daftari moja, na daftari hilo liende kila kliniki. Ndani yake aandike tarehe ya kila miadi, jina la kila dawa na kipimo chake, majibu ya damu, dalili zilizojitokeza tangu mara ya mwisho, na maswali ya kumwuliza daktari. Mgonjwa aliyeambiwa habari nzito husikia nusu, na nusu nyingine hupotea mlangoni. Daftari letu lilituokoa siku tuliyokuta daktari mwingine zamu, faili limechelewa kufika, na mchungaji hakumbuki kama dozi iliyopita ilikuwa ya tatu au ya nne.

Nakala za majibu ya kipimo cha kinyama (kipande kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe), picha za vipimo na barua ya rufaa ziwekwe kwenye bahasha moja ya plastiki. Msiwaachie watoto wa nyumba waitafute asubuhi ya safari.

3. Mtoeni kwenye zamu kabla hajaomba

Hapa ndipo penye lile jiwe, na hapa ndipo sisi tulipochelewa.

Mchungaji hajui kuumwa. Miaka yote amekuwa yeye anayekwenda wodini, yeye anayeshika mkono wa mfiwa. Wetu alirudi kutoka dozi ya kwanza siku ya Ijumaa, na Jumapili akapanda madhabahuni kwa sababu hakuna aliyemwambia asipande. Alihubiri dakika kumi, akashika mimbari, akamaliza. Watu walitoka wakisema imani yake ni kubwa. Jumatatu hakuweza kunyanyuka kitandani, na mkewe alituuliza swali moja ambalo mpaka leo linaniuma: "Nani alimwambia kwamba mnamhitaji kuliko sisi?"

Msimwulize kama ataweza kuhubiri. Akiulizwa atasema ataweza. Nendeni na ratiba iliyokwisha kujazwa kwa miezi mitatu: ibada zipi ataongoza mwinjilisti, zipi atakuja mchungaji wa usharika jirani. Mwinjilisti anaweza kubeba ibada za kawaida na sala za katikati ya juma, lakini Chakula cha Bwana, ubatizo na kubariki ndoa vinahitaji mchungaji, kwa hiyo mwandikieni mkuu wa jimbo mapema ili atoe mtu kwa tarehe zinazojulikana. Madarasa ya kipaimara yapangiwe mwalimu. Kwa misiba, kubalianeni kabla ni nani atakayepigiwa simu, maana msiba haungoji kikao, na familia iliyofiwa itakimbilia nyumba ya mchungaji kwa mazoea hata saa nane usiku.

Kisha mwambieni waziwazi kwamba posho yake haitapungua. Ipitishwe kwenye baraza, iandikwe kwenye muhtasari, aonyeshwe. Mchungaji anayeogopa kwamba akikosa madhabahuni nyumba itakosa unga atapanda madhabahuni na homa.

Akipata nguvu na akataka kuja ibadani kama mshirika, mwacheni akae kwenye benchi pamoja na mkewe. Msimwite mbele "atusalimie kidogo".

4. Fedha: anzeni na bima, kisha mpange kwa miezi

Kabla ya harambee yoyote, mtu wa fedha akae na familia na kadi ya bima. Je, kadi iko hai? Michango imelipwa mpaka lini? Fomu ya rufaa imejazwa na hospitali inayostahili? Dawa na vipimo alivyoandikiwa vinalipwa na bima, au vipo vya kulipia mfukoni? Maswali haya yaulizwe dirisha la bima hospitalini na kwenye ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), yasiulizwe kwa shemeji anayejua mambo. Pale ambapo bima haipo au haitoshi, hospitali za umma zina afisa ustawi wa jamii. Mwoneni mapema, kabla deni halijakua, na mwende na barua.

Ndipo muorodheshe yale ambayo bima hailipi kamwe: nauli ya mgonjwa na mwuguzaji wake, mahali pa kufikia mjini, chakula, bajaji ya asubuhi kwenda kliniki, vocha, dawa zinazokosekana dukani kwa hospitali, ada za watoto. Kwetu sisi nauli na malazi vilikula fedha kuliko dawa.

Mfuko uwe na jina lake na kifungu chake ndani ya akaunti ya usharika, na watia saini wawili. Michango ya simu iingie kwenye namba ya usharika. Isiingie kwenye simu ya mhazini, hata kama mhazini ni mtakatifu. Kila mwisho wa mwezi itangazwe jumla iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Msisome mchanganuo wa dawa kanisani, maana orodha ya dawa inaweza kueleza ugonjwa ambao mgonjwa hakutaka uelezwe. Risiti zikaguliwe na wakaguzi wa usharika, basi.

Sasa kuhusu mwendo wa fedha. Jumapili ya tangazo watu watatoa mpaka mshangae. Mnada wa mazao baada ya ibada, kuku mmoja atanunuliwa na kurudishwa mezani mara tano. Mwezi wa pili itapungua, mwezi wa nne mtabaki na ahadi za kwenye karatasi. Matibabu ya saratani mara nyingi huchukua miezi sita na kuendelea. Kwa hiyo msikusanye vyote siku moja. Tuligawa miezi kwa jumuiya: jumuiya hii ibebe Machi, ile Aprili. Jumuiya ya watu kumi na wanane wakulima waliweza kubeba mwezi wao kwa debe za mahindi na fedha kidogo, kwa sababu walijua tarehe mapema. Na mtu wa fedha apange safari kwa fedha iliyo mkononi, ahadi asizihesabu.

Kuna jambo lililotokea kwenye kikao cha mfuko ambalo siwezi kuliacha. Mjane mmoja wa mtaa wa juu alisimama, akashukuru, akatoa mchango wake, kisha akasema kwa upole kwamba yeye alipougua saratani ya mlango wa kizazi aliletewa sukari kilo mbili na kanga. Hakulalamika zaidi ya hapo, akaketi. Saratani hiyo ndiyo inayowasumbua zaidi wanawake wa nchi yetu, na katika benchi zetu walikuwemo wengine. Tulimpelekea mchungaji habari ile kwa woga. Alisema ndiyo kwanza amesikia neno la faraja tangu augue, na akaomba jina lake liondolewe kwenye mfuko. Ukawa Mfuko wa Wagonjwa wa Usharika, naye akawa mmoja wa wanaohudumiwa. Ningekuwa naanza upya ningeuita hivyo tangu siku ya kwanza.

5. Safari na mahali pa kufikia

Wagonjwa wengi wa saratani nchini huishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Dar es Salaam karibu na bahari, kwenye majengo ambayo ya kwanza yalijengwa na Wajerumani mwaka 1897. Hospitali za Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi nazo zina huduma za saratani, kwa hiyo mwulizeni daktari kama sehemu ya matibabu inaweza kufanyika karibu na nyumbani.

Eleweni tofauti ya mwendo. Tibakemikali, ambayo wengi huiita kemo, mara nyingi hutolewa kwa mizunguko, kwa mfano kila baada ya siku 21. Mgonjwa anaweza kwenda na kurudi. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa mfululizo. Kulala chini ya mashine ni dakika chache, lakini foleni inaweza kula nusu siku. Huwezi kusafiri Iringa kila jioni. Hapo lazima pawepo nyumba.

Tafuteni washirika wenu wa zamani waliohamia Dar. Kila usharika wa mkoani unao, na wengi wanatamani kufanya kitu. Chagueni nyumba iliyo karibu na hospitali kuliko iliyo kubwa. Chumba kidogo Upanga au Ilala kinamfaa mgonjwa kuliko chumba kizuri Mbagala chenye saa mbili za foleni ya magari akiwa na kichefuchefu. Mwenyeji alipwe chakula kutoka mfukoni mwa usharika, hata akikataa, maana wiki sita ni nyingi. Na mwuguzaji abadilishwe kila baada ya wiki mbili.

Kwenye basi, mpeni kiti cha mbele karibu na mlango, mifuko ya kutapikia, maji, na mwenza asiyesinzia. Mlima Kitonga hauna huruma kwa tumbo lililotoka kwenye kemo.

6. Nyumbani: chakula, usafi, na kipimajoto

Nunueni kipimajoto. Kama mtasahau yote mengine kwenye mwongozo huu, hili msilisahau. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na kwa dawa nyingi kinga huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata kama mgonjwa anasema anajisikia vizuri. Msimpe panadol mkasubiri asubuhi. Msidhani ni malaria mkanunua dawa. Apelekwe hospitali usiku uleule, na anayempokea aambiwe neno la kwanza kabisa: "Yuko kwenye kemo." Wekeni mtu mwenye gari ambaye simu yake haizimwi siku hizo, na jina lake liandikwe ukutani karibu na mlango.

Chakula kipikwe na kuiva. Maziwa yachemshwe. Matunda yaoshwe vizuri na kumenywa. Kachumbari na mayai mabichi aviache kwa muda. Akina mama wetu walileta pilau siku ya nne baada ya dozi, na harufu yake tu ilimtapisha. Vyakula vyenye harufu kali, vitunguu vinavyokaangwa, dagaa, havifai kupikwa karibu naye. Alivyoweza kula ni uji wa ulezi uliopoa, viazi vya kuponda, supu ya kuku isiyo na mafuta mengi, parachichi, ndizi mbivu. Apewe kidogo kidogo mara sita kwa siku. Sahani iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaionja. Akiwa na vidonda mdomoni, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na pilipili na malimao yakae mbali.

Ratiba ya chakula igawanywe, na vyombo viandikwe majina. Msilete vyakula saba siku moja kisha siku tatu hakuna kitu. Na pikeni kwa ajili ya nyumba nzima: wageni na watoto pia hula.

Kuhusu usafi, kwa saa 48 baada ya kemo mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glavu, choo cha kuvuta kivutwe mara mbili, nguo na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Mama mjamzito asipewe kazi hiyo. Hili lisiwatie hofu ya kumgusa. Saratani haiambukizi, na mtu aliyepigwa mionzi ya mashine ya nje habaki na mionzi mwilini. Anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ileile.

Vijana wanaouliza wafanye nini, wapelekeni wakachangie damu. Wenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, wakiwa na afya njema, wanaweza kuchangia: wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake kila baada ya miezi minne. Kwaya ya vijana ya kwetu walikwenda wote siku moja, tukajuta. Mwezi uliofuata damu ilipohitajika, hakuna aliyeruhusiwa kutoa. Wagawanywe makundi.

7. Kumtembelea

Kwetu kumwona mgonjwa ni wajibu, na asiyekwenda huonekana ana neno. Ndiyo maana lazima mwenye kusema "leo hapana" awe kamati, isiwe familia. Siku za kinga kuwa chini, hakuna wageni. Siku nyingine wageni wawili kwa zamu, dakika kumi na tano, mikono imenawiwa kwa sabuni mlangoni. Mwenye mafua au kikohozi atume salamu. Watoto wa majirani wenye tetekuwanga au surua wasisogee kabisa. Mkono usitolewe, "Bwana asifiwe" inatosha bila kushikana.

Mkiingia, msihadithie habari za shangazi aliyekufa kwa ugonjwa kama huo. Msimwambie amekonda, kioo anacho. Mwambieni mahindi yamefikia wapi, nani amejifungua, bati la ofisi limekwisha kupigwa. Mchungaji wetu alikuwa akiulizia sana habari za mchwa waliokuwa wakila milango ya kanisa, na siku tulizomweleza hilo aliongea kuliko siku tulizokwenda na nyuso za msibani.

8. Maombi, mafuta na dawa za watu

Yakobo anasema aliye mgonjwa "na awaite wazee wa kanisa". Angalieni nani anaita. Mgonjwa ndiye anayeita, saa anayotaka. Tuliwahi kumfanyia mkesha sebuleni mpaka saa tisa usiku, naye chumbani akitafuta usingizi. Mikesha ifanyike kanisani. Nyumbani yawe maombi mafupi, na kwanza aulizwe, "Tuombe leo, au tukae tu?"

Akipakwa mafuta, yawe kwenye paji la uso. Ngozi inayopigwa mionzi haipakwi mafuta ya aina yoyote bila ruhusa ya wahudumu wake, na alama zilizochorwa juu yake kwa wino zisisuguliwe wala kufutwa, kwa maana ndizo zinazoongoza mashine.

Watakuja watu na majani, mizizi na chupa. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka nchi nzima na nje walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu wa kanisa letu, na wapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa. Sina neno baya kwa wale waliokwenda; mtu anayeumwa hutafuta mlango wowote. Lakini mimi kama mzee wa kanisa nasema bila kuficha: kumshawishi mgonjwa aache tiba ili kupima imani yake ni kumkosea Mungu na mgonjwa. Hata majani yanayoonekana hayana madhara yanaweza kugongana na kemo au kulielemea ini. Kila kinacholetwa kiandikwe kwenye daftari na kuonyeshwa kwa daktari kabla hakijanywewa. Na asiambiwe kamwe kwamba hajapona kwa sababu ya dhambi iliyofichika. Mtu akilisema hilo, kamati imfuate kwake siku hiyohiyo.

9. Mama mchungaji na watoto

Mpeni siku moja ya juma iliyo yake. Wengine wabaki na mgonjwa, naye aende sokoni, alale, asukwe nywele, asiulizwe amekwenda wapi. Msitarajie aongoze Umoja wa Wanawake kipindi hiki.

Lipo swali ambalo hatalitamka: nyumba. Familia inakaa kwenye nyumba ya usharika, na kila mama mchungaji anajua kwamba mumewe akiondoka na nyumba huondoka. Msingoje msiba ndipo mlijadili. Baraza likubaliane, pamoja na jimbo, kwamba lolote likitokea familia itakaa kwa muda gani bila kuulizwa, na mtu mmoja amweleze mama kwa utulivu. Wetu aliposikia alinyamaza kitambo, kisha akaenda jikoni kutuchemshia chai. Wiki hiyo, aliniambia baadaye, ndiyo aliyolala usingizi kwa mara ya kwanza.

10. Matibabu yakiisha, au yakishindwa

Ikifika siku daktari anasema dawa za kuponya zimefika mwisho, ulizeni tiba shufaa. Ni huduma ya kuondoa maumivu na kumtunza mtu mzima, mwili na roho, pamoja na nyumba yake. Hospitali ya Selian ya Arusha, iliyo ya kanisa letu la Kilutheri (KKKT), imekuwa ikiifanya mpaka majumbani. Mofini ya maji watu huiogopa, wakidhani ikitolewa mgonjwa amekatiwa tamaa. Inatolewa ili aweze kulala, kuongea na watoto wake na kuomba bila kuuma meno. Hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha itolewe pamoja nayo.

Akimaliza matibabu na kupata nafuu, kama wetu, msifanye shangwe ya kumrudisha kazini wiki inayofuata. Uchovu wa saratani haufanani na wa jembe, haumalizwi na usingizi wa usiku mmoja, na unaweza kukaa miezi. Arudi kwa ibada moja kwa mwezi, kisha mbili. Mfuko usifungwe, maana kliniki za ufuatiliaji zitaendelea kwa miaka na nauli ni ileile. Kila kliniki inapokaribia nyumba nzima huogopa upya, hivyo mtu wa simu aikumbuke tarehe hiyo na apige jioni.

Jumapili aliyorudi, tuliweka kiti chenye mgongo nyuma ya mimbari kabla hajaingia. Alikiona, akatutazama, akakaa. Alihubiri robo saa akiwa ameketi, kisha mwinjilisti akapokea.